Umeshinda Kesi? Tulia, Pesa Bado Hazijaingia

Hii stori unaijua. Mama mmoja wa Marekani alinunua kahawa McDonald's, akajimwagia mapajani, akaenda kortini na akapewa karibu dola milioni 3. Kila baada ya miezi kadhaa inarudi mtandaoni na vichekesho vilevile: ati Wamarekani wamechizi, ati hata wewe kesho unaenda kujimwagia chai ya kibandani ndio utajirike. Tunacheka, tunasambaza, tunaendelea na maisha.

Leo sitaki tucheke. Nataka tuulize swali ambalo karibu hakuna mtu huuliza: hizo pesa alizipata?

Hakuzipata. Jaji alizikata wiki chache baada ya hukumu. Halafu pande zote mbili zikakata rufaa. Halafu, kabla rufaa isikizwe, wakakaa chini wakaelewana nje ya korti kwa kiasi ambacho kimebaki siri yao. Ile namba unayoiona kwenye vichekesho haikuwahi kutoka kwenye karatasi ikaingia kwa mfuko wa mtu.

Mimi si wakili. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea sheria. Lakini hukumu za korti si siri za watu wenye suti, na yeyote anayepanda boda au matatu katika huu mji anafaa kujua kitu kimoja: siku ya hukumu si siku ya malipo. Katikati kuna rufaa. Na msimamo wangu ni huu: rufaa lazima iwepo, hata kwa kampuni kubwa tusizozipenda. Lakini kwa kesi za watu walioumia, rufaa imegeuka kuwa mashindano ya nani anaweza kungoja zaidi. Mwenye mguu wenye chuma ndani huwa hashindi hayo mashindano. Hapo ndipo sheria inafaa kuingilia.

Kwanza, hiyo kahawa

Tuanze na ukweli, kwa sababu vichekesho vimeuficha. Ilikuwa Februari 1992, mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico. Stella Liebeck alikuwa na miaka 79. Hakuwa anaendesha gari. Alikuwa amekaa kiti cha abiria, mjukuu wake ndiye dereva, na gari lilikuwa limesimama. Hilo gari halikuwa na pa kuwekea kikombe, kwa hivyo akakibana katikati ya magoti ili afungue kifuniko aweke sukari na maziwa. Kikapinduka.

Kahawa ya McDonald's wakati huo ilikuwa inauzwa ikiwa na joto la kati ya nyuzi 82 na 88. Najua utasema chai yetu huchemka kabisa. Sawa, lakini chai ya kibandani unapewa ukiwa umekaa mezani na unaipuliza kwanza. Hii alipewa ndani ya gari, na ilipomwagika ikanyonywa na suruali yake ikakaa kwenye ngozi. Aliungua vibaya kabisa, kile kiwango cha ngozi kuharibika mpaka ndani, asilimia 6 ya mwili. Akalazwa siku 8 na kuwekewa vipande vya ngozi kutoka sehemu nyingine za mwili.

Unajua alichoomba? Dola 20,000, agharamie matibabu na hasara. Kampuni ikamwambia itampa dola 800. Mia nane.

Ndio akaenda kortini. Huko ikajulikana kwamba kampuni ilikuwa imepokea zaidi ya malalamiko 700 ya watu kuunguzwa na kahawa yake katika miaka 10 iliyotangulia. Agosti 1994, juri la watu 12 likaamua. Juri ni raia wa kawaida walioitwa kusikiza kesi: anaweza kuwa fundi, mwalimu, muuza duka. Walisema McDonald's ina makosa asilimia 80, na mama mwenyewe asilimia 20. Fidia ya maumivu na hasara wakaiweka dola 200,000, wakaondoa ile asilimia 20 yake, zikabaki 160,000. Halafu wakaongeza dola milioni 2.7 za fidia ya adhabu, yaani pesa za kuifunza kampuni adabu. Milioni 2.7 si namba iliyotoka hewani: ilikuwa takriban mauzo ya kahawa ya McDonald's kwa siku mbili. Siku mbili tu!

Jaji akaangalia hiyo fidia ya adhabu, akaona imezidi, akaipunguza hadi dola 480,000, mara tatu ya fidia ya hasara. Jumla ikawa 640,000. Kutoka karibu milioni 3 hadi hapo, na rufaa bado haijaanza.

Rufaa ni VAR, si mechi ya marudiano

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Wengi wetu tunadhani kukata rufaa ni kurudia kesi kutoka mwanzo: mashahidi warudi, walie tena, wabishane tena, na mara hii labda bahati ikupendelee. La. Chukulia rufaa ya kule Marekani kama VAR. Refa ameshatoa uamuzi uwanjani. VAR hairudishi wachezaji wapige penalti upya kwa sababu mashabiki wamekasirika. Inauliza tu: kuna kosa la wazi hapa?

Majaji wa rufaa hawaoni mashahidi. Wanasoma makaratasi: kila neno lililosemwa kortini, kila ushahidi uliokubaliwa, kila pingamizi la wakili. Na kwa hukumu ya juri wanakuwa waangalifu zaidi. Marekebisho ya Saba ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanasema ukweli ulioamuliwa na juri hautafukuliwa ovyo na korti nyingine yoyote. Hayo yanafunga mahakama za serikali ya taifa, lakini hata korti za majimbo huliheshimu juri vivyo hivyo. Kwa hivyo ukienda kwenye rufaa ukisema "juri halikumwamini shahidi wangu", utarudi nyumbani mapema. Swali lao si kama wao wangeamua hivyo. Swali ni kama watu 12 wenye akili timamu wangeweza kufika hapo kwa ushahidi uliokuwepo.

Basi unapinga nini? Unapinga makosa ya sheria. Jaji aliwaeleza juri sheria vibaya. Jaji alikubali ushahidi ambao haukufaa, au alikataa uliofaa. Fidia imezidi mno mpaka inaonekana ilitolewa kwa hasira. Na hata kosa likipatikana, utaulizwa: lingebadilisha matokeo? Kama lilikuwa dogo, hukumu inabaki palepale.

Kuna mtego mwingine unaomaliza watu. Kama wakili wako hakupinga hilo kosa palepale lilipotokea, mara nyingi umeshalipoteza. Huwezi kunyamaza uwanjani halafu ulie VAR. Na saa inakimbia: katika mahakama za taifa za Marekani, kesi ya kawaida ya madai inakupa siku 30 kutoa taarifa ya rufaa. Ukichelewa hata kwa siku moja, mlango umefungwa.

Ukifaulu je? Usidhani ndio mwisho. Korti inaweza kuigeuza hukumu kabisa. Inaweza kuagiza kesi ianze upya na juri jipya. Au kwa suala la kiasi, mshindi anaweza kuambiwa achague: kubali pesa kidogo, au rudi tukasikize upya. Fikiria umeumia, umepigana miaka mitatu, halafu unaambiwa uchague kati ya kukatwa na kuanza upya.

Kwa nini sitaki rufaa ifutwe

Kuna wasee watasema: basi tuondoe rufaa. Raia 12 wameongea, kampuni ilipe, kwisha.

Hapana. Na jimbo la Oregon limeshatuonyesha kwa nini. Tangu 1910, katiba ya Oregon ilikuwa imewafunga majaji mikono: hawangeweza kupunguza kiasi kilichotolewa na juri, isipokuwa kama hakukuwa na ushahidi wowote kabisa. Halafu mtu akaumia vibaya na kubaki na ulemavu pikipiki ya Honda ya magurudumu matatu ilipopinduka akiiendesha. Juri likampa dola 919,390 za hasara, ambazo zilipunguzwa asilimia 20 kwa sababu na yeye alikuwa na sehemu ya makosa, na juu yake dola milioni 5 za adhabu. Honda ikataka kiasi hicho cha adhabu kiangaliwe. Oregon ikasema hakuna wa kukiangalia.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 1994, miezi miwili kabla ya ile hukumu ya kahawa, majaji 7 dhidi ya 2 wakasema hiyo si haki. Kumnyang'anya mtu mali bila njia yoyote ya kuuliza kama kiasi kimezidi ni kuvunja Katiba. Hata kama huyo "mtu" ni kampuni ya mabilioni.

Na hapa ndipo napapenda: kesi iliporudi Oregon ili kiasi kiangaliwe sawasawa, korti ya juu ya jimbo iliangalia na kusema milioni 5 zinasimama. Yaani rufaa haikumnyima chochote aliyeumia. Iliipa hukumu yake nguvu. Sasa hakuna anayeweza kusema ni juri la hasira tu. Imepimwa ikapita.

Pia usisahau rufaa ni yako wewe mdogo pia. Siku utakayopoteza kwa sababu jaji amekosea sheria, au ukapewa peremende badala ya fidia, utakimbilia mlango huohuo. Hata Bibi Liebeck alikata rufaa yake, si McDonald's pekee. Ukiufunga mlango kwa ajili ya kampuni, umeufunga kwa ajili yako.

Shida yangu haiko mlangoni. Iko kwenye foleni.

Nani anaweza kungoja?

Desemba 1994 rufaa zote mbili zilipoingia, Bibi Liebeck alikuwa kwenye miaka yake ya themanini. Sababu za kila upande kukubali kuelewana ni zao, lakini hesabu unaweza kuipiga mwenyewe. Kampuni ina mawakili wa mshahara na haizeeki. Mwaka ukipita, kwake ni karatasi nyingine kwenye faili. Kwa mtu wa miaka 80 mwenye makovu, mwaka ni mwaka.

Marekani wana dawa kidogo. Ukitaka kusimamisha malipo wakati rufaa inaendelea, kwa kawaida unaweka dhamana, ili mshindi asije akakuta kampuni imefilisika au imeficha mali. Na riba inaendelea kuhesabiwa. Hata hivyo, majimbo mengi yameweka kikomo cha hiyo dhamana, na dhamana yenyewe hailipi kodi ya nyumba wala bili ya hospitali. Inalinda pesa zako za kesho. Leo bado una njaa.

Sasa turudi nyumbani.

Hapa kwetu hakuna juri, lakini foleni ipo

Kesi za madai Kenya hazina juri. Enzi za ukoloni juri lilikuwepo kwenye kesi za jinai, na lilikuwa la Wazungu. Mwafrika alikuwa anapata wazee wa baraza wa kumshauri jaji, na hata hao waliondolewa 2007. Leo ukigongwa na gari, kesi yako itaamuliwa na hakimu mmoja, peke yake. Rufaa inaenda Mahakama Kuu, na una siku 30 tangu hukumu.

VAR yetu ni tofauti kidogo. Kwenye rufaa ya kwanza, jaji wa Mahakama Kuu anapitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake, akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi kwa macho. Ana nafasi kubwa kuliko majaji wa Marekani mbele ya juri. Ila kwa kiasi cha fidia amefungwa na kanuni ambayo korti zetu hunukuu kila siku kutoka kesi ya Butt na Khan ya 1981: hugusi kiasi cha hakimu kwa sababu tu wewe ungetoa kingine. Unakigusa kama hakimu alifuata kanuni mbovu, au kimezidi mno, au kimepungua mno.

Kwenye karatasi iko sawa. Sasa niwaambie ya binamu yangu.

Alikuwa mwanaboda. Asubuhi moja, akimpeleka mteja kazini, matatu ikamgonga kwa nyuma. Paja likavunjika, akawekewa chuma. Kesi ikaenda, hakimu akasema na yeye alikuwa na makosa asilimia 20, zikabaki milioni 1.4 za kulipwa. Nyumbani tukafurahi, shangazi akachinja kuku. Wiki tatu baadaye kampuni ya bima ikakata rufaa.

Kampuni haikusema dereva wake hana makosa. Hilo ilikubali. Ilisema tu milioni 1.4 ni nyingi, ilifaa iwe laki 9. Halafu ikaomba korti isimamishe malipo mpaka rufaa iishe. Na unajua sababu waliyoandika kwenye kiapo? Kwamba binamu yangu hana kazi wala mali inayojulikana, kwa hivyo akilipwa sasa halafu kampuni ishinde, hataweza kurudisha.

Isome hiyo tena, polepole. Hana kazi kwa sababu mlimvunja mguu. Pikipiki aliiuza akalipa hospitali. Halafu huo umaskini ambao ajali yenyewe ilileta ndio unatolewa kortini kama sababu ya kutomlipa. Na si ujanja wa wakili mmoja mbaya. Hiyo hoja ni ya kawaida, inaandikwa kwenye maombi ya aina hii kila wakati, na sheria inaipa nafasi: anayeomba kusimamisha malipo anatakiwa kuonyesha kwamba atapata hasara kubwa, na "huyu hana uwezo wa kurudisha" ndiyo njia rahisi ya kuionyesha.

Korti ikaagiza pesa zote ziwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili. Zikalala huko miaka miwili na miezi minne. Muda wa kutoa chuma ukafika, ukapita. Mwisho jaji akaamua: milioni 1.15.

Sasa piga hesabu na mimi. Kampuni yenyewe ilisema deni halali ni laki 9. Hakuna siku hata moja ya hiyo miaka miwili ambapo mtu yeyote kortini alisema binamu yangu hastahili angalau laki 9. Ubishi ulikuwa wa laki 5 za juu. Mbona laki 9 zilifungiwa pia?

Kile ninachotaka

Kwanza, sehemu isiyobishaniwa ilipwe mara moja. Kama rufaa yako inasema "kiasi kimezidi" na si "sina makosa", taja kiasi unachoona ni sawa, na ukilipe kabla rufaa yako ipokelewe. Tubishane juu ya kilichobaki. Sioni kampuni inapoteza nini hapo, labda nguvu ya kumchosha mtu.

Najua korti zetu mara nyingi huagiza nusu ilipwe mshindi na nusu iende kwenye akaunti ya pamoja. Ni vizuri. Lakini hiyo ni hiari ya jaji, kesi kwa kesi. Wewe unapata nusu, jirani yako anapata hewa, na ajali zenu zinafanana. Kitu muhimu hivi hakifai kutegemea umeangukia meza ya nani.

Pili, risiti za matibabu zitoke nje ya foleni. Maumivu yana bei ya kubishaniwa, nakubali. Risiti ya hospitali iliyothibitishwa kortini ina bei gani ya kubishaniwa?

Tatu, hoja ya "ni maskini hatarudisha" isikubaliwe pale ambapo ajali yenyewe ndiyo iliyomfanya maskini. Huwezi kumchomea mtu nyumba halafu umnyime mkopo kwa sababu hana makao.

Bima watasema kuna watu wanatunga ajali, wananunua ripoti za daktari, na pesa ikishatoka haionekani tena. Huo ni ukweli, na wezi wa aina hiyo wanatuumiza sote, kwa sababu ndio wanaofanya aliyeumia kweli aonekane tapeli. Lakini ulaghai ni suala la kama ajali ilitokea. Kama unapinga hilo, pinga, na hapo nakubali malipo yangoje. Aliyekubali makosa yake na anabishania namba tu hana haki ya kujificha nyuma ya matapeli.

Na kungoja kuna hatari nyingine ambayo bima hawaitaji. Kampuni za bima nazo hufa. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria 2005, Blue Shield 2011, na zote mbili zilikuwa zinabeba magari ya abiria. Kila mwaka ambao hukumu yako inakaa kwenye foleni ni mwaka ambao anayekudai asubuhi anaweza kuwa yuko na wewe ndiye unayedai kaburi.

Ukigongwa kesho

Mungu aepushe, lakini shika haya. Kwa kawaida una miaka mitatu kufungua kesi ya kuumizwa kwa uzembe, na kama ni gari la serikali, muda ni mwaka mmoja. Chukua abstrakti ya polisi. Weka kila risiti, hata ya dawa za maumivu, hata ya nauli ya kliniki. Kumbuka majaji wa rufaa wanasoma makaratasi, kule Albuquerque na hapa Milimani. Maumivu ambayo hayako kwenye faili hayapo.

Siku ya hukumu, kabla hamjachinja kuku, muulize wakili wako maswali matatu na umwambie akujibu kwa maandishi: siku 30 zinaisha tarehe gani? Wakikata rufaa, tutaomba tulipwe nusu? Na mimi mwenyewe nina sababu ya kukata rufaa ya kuongezewa? Wakili anaweza kukasirika kidogo. Mwache akasirike, mguu ni wako.

Na ujue bima ya gari inalazimika kumlipa mtu mmoja hadi shilingi milioni 3 tu. Korti ikikupa zaidi ya hapo, kilichobaki unamfuata mwenye gari binafsi. Hiyo ni safari nyingine kabisa.

Halafu ile stori ya kahawa ikirudi tena, na itarudi, mtu akikuambia kuna mama alijimwagia akawa tajiri, mwambie aliomba dola 20,000 akatajiwa 800. Mwambie watu 12 walimpa milioni 2.86, jaji akaacha 640,000, na alichopokea mwisho hakikuwahi kutangazwa. Kisha muulize yeye angeweza kungoja miaka mingapi.